Ufunguo wa Futi Sita

Mwanamke nisiyemjua alifika ofisini kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi, amepakiwa kwenye pikipiki pamoja na sanduku la bati, beseni la plastiki na mwavuli mweusi. Alishuka, akamlipa dereva, akapangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga, kisha akatamka maneno ambayo tangu niajiriwe sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

"Nimekuja kuchukua ufunguo wa zahanati."

Nilisimama kwa furaha hadi kiti kikaanguka. Kwa mwaka mzima kasoro siku nne nilikuwa nikiutunza ufunguo ule, nikiupangusa kila asubuhi na kutia saini kwenye daftari kwamba upo, na kila jioni kutia saini tena kwamba bado upo. Hatimaye alikuwa amekuja mtu mwenye haja nao.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Ufunguo upo, tena uko salama kabisa."

"Marahaba. Nipe basi nikaanze kufagia."

Nikamwongoza hadi nyuma ya meza, mahali ulipolazwa juu ya mabenchi mawili, nikaufunua shuka. Aliutazama kuanzia pete ya juu mpaka kwenye meno. Ulikuwa wa plaiwudi nene, umepakwa rangi ya dhahabu, na ubavuni umeandikwa kwa herufi nyekundu: TABASAMU, TUPO KWA AJILI YAKO.

"Nini hiki?"

"Ndio ufunguo, mama."

"Mwanangu, nimesafiri siku mbili. Sijanywa hata chai. Usinitanie."

"Sikutanii, mama. Una namba. Muhuri huu hapa."

Aliketi juu ya sanduku lake la bati. Jina lake lilikuwa Nesi Sikudhani, mkunga wa miaka ishirini na minane kazini, na barua yake ya uhamisho ilisema kwamba Zahanati ya Mawe Matatu imeelemewa na wagonjwa, hivyo anapelekwa huko haraka kuongeza nguvu.

"Hao wagonjwa wako wapi?" aliuliza.

Nilimweleza kwa heshima kwamba katika nchi yetu zahanati ikishakabidhiwa huhesabiwa kuwa inafanya kazi, na zahanati inayofanya kazi huhesabiwa kuwa inatibu watu arobaini kwa siku. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tumekwisha kutibu watu zaidi ya elfu kumi na nne. Tena katika wote hao hajafa hata mmoja. Nikamwonyesha kombe tulilopewa na mkoa, liko juu ya kabati.

Nesi Sikudhani alilitazama kombe, akautazama ufunguo, akanitazama mimi.

"Chai mnanunua wapi hapa?" akasema.

*

Wasomaji wa nchi nyingine, ambao pengine hawana bahati ya kuwa na Idara ya Makabidhiano, wanastahili maelezo kidogo. Jina la nchi yetu nimeombwa nisilitaje, na mimi ni mtu wa kuheshimu maombi.

Kampuni ya Tabasamu huuza simu, sabuni, maji ya chupa na bima ya mazishi. Kwa moyo mweupe iliamua kuwajengea watu wa Mawe Matatu zahanati, kwa sababu hospitali ya wilaya iko mbali, na barabara ya kwendea huko bado inatafakariwa. Ujenzi ulichukua miezi minne. Matangazo ya ujenzi yakachukua miaka miwili. Mpaka leo, ukiingia mjini kwetu kutoka upande wowote, utamkuta Mkurugenzi wa Ukarimu wa Tabasamu, Bwana Fortunatus Kilonzi, akikuchekea kutoka kwenye bango lililo kubwa kuliko zahanati yenyewe.

Siku ya kukabidhi, Bwana Kilonzi alitaka hata watu wa viti vya nyuma wauone ukarimu. Ndiyo maana ukachongwa ufunguo wa futi sita. Alimkabidhi Waziri wa Afya na Makabidhiano, Mheshimiwa Gaudensi Mapana, wakapigwa picha wakiwa wameushika huku na huku kama watu wanaohamisha kitanda. Ufunguo mdogo, ule wa chuma, ulikuwa mfukoni mwa koti la Bwana Kilonzi. Haukuwemo kwenye ratiba, kwa hiyo haukutolewa.

Waziri akatia saini hati: "Ufunguo mmoja, rangi ya dhahabu, futi sita, hali nzuri." Kwa mujibu wa Sheria ya Makabidhiano, kilichokabidhiwa ndicho kilichopo, na kisichokabidhiwa hakipo. Basi tangu saa sita mchana wa siku ile, ufunguo mdogo ulikoma kuwepo, ingawa Bwana Kilonzi aliondoka nao.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuajiriwa ilikuwa kupima tundu la kitasa cha mlango wa zahanati. Niliripoti kwamba tundu lina ukubwa wa punje ya haragwe, na kwamba ufunguo, kwa maoni yangu ya awali, hauwezi kuingia. Mkuu wa idara yetu wilayani, Bwana Mponzi, alinijibu kwa barua ya ukurasa mmoja iliyojaa busara. Alisema ufunguo umekaguliwa na Waziri mwenyewe, kwa hiyo mlango ndio wenye kasoro.

Fundi wa funguo wa sokoni aliwahi kuja akasema anaweza kuchonga ufunguo mwingine kwa dakika kumi. Idara ilimwandikia kumshukuru na kumfahamisha kwamba ufunguo upo.

*

"Tuwapigie hao Tabasamu," alisema Nesi Sikudhani alipomaliza chai. "Watu wanaotoa zahanati nzima watashindwaje kutoa kichuma?"

Nilifurahi kusikia hivyo, maana na mimi siku zote nimeamini kwamba makampuni makubwa yana moyo, tatizo ni kupata laini. Nikaweka simu kwenye spika.

Kwanza ulipigwa muziki. Kisha sauti ya msichana ikasema: "Karibu Tabasamu. Kama una furaha, bonyeza moja. Kama una furaha sana, bonyeza mbili. Kurudia kusikiliza furaha yako, bonyeza nyota."

"Bonyeza tatu," alisema Nesi.

"Haipo, mama."

"Bonyeza hivyo hivyo."

Nikabonyeza. Muziki ukarudi. Tulisikiliza ule wimbo mara kumi na tisa, mpaka Nesi Sikudhani akawa anauimba bila kujitambua huku akichambua mchicha wake wa mchana. Hatimaye akapokea mtu wa kweli, kijana mchangamfu.

"Nasikitika sana kusikia furaha yako ni ya wastani, mteja wetu. Nikusaidie nini?"

Nesi akaivuta simu. "Baba, mmetujengea zahanati, mmeondoka na ufunguo. Tunaomba ufunguo."

"Hongera kwa kupata zahanati, mama! Naona hapa kwenye kompyuta ufunguo mlishapewa. Futi sita."

"Huo haufungui."

"Lakini umeonekana?"

"Umeonekana, ndiyo."

"Basi umefanya kazi yake, mama." Alisema hivyo kwa upole kabisa. Kisha akaeleza kwamba kutoa ufunguo wa pili kunahitaji hafla ya pili, yenye mahema, kwaya na waandishi wa habari, na kwamba fungu la ukarimu la mwaka huu lilikwisha kwenye mabango. "Je, kwa kiwango cha moja hadi kumi, umependa nilivyokuhudumia?"

"Mama yako mzazi alikuzalia wapi?" aliuliza Nesi Sikudhani.

"Hospitali, mama."

"Ilikuwa na mlango?"

"Sijui, mama. Nadhani."

"Basi nakupa kumi," akasema, akakata simu.

*

Kuanzia siku iliyofuata, Nesi Sikudhani alitandika kanga yake kwenye ngazi za zahanati na kuanza kupima wajawazito pale pale, mbele ya mlango uliofungwa. Alisema hajatumwa kukaa. Nilimpelekea kiti cha ofisi yangu, nikaandika kwenye daftari kwamba kimetoka kwa muda.

Ndipo alipokuja Mwajabu. Ni fundi cherehani wa sare za shule, mtu mwenye maneno mengi na vicheko, anayejulikana mji mzima kwa kumwambia mzazi ukweli kuhusu urefu wa mtoto wake. Siku hiyo hakuwa na vicheko. Tumbo lilikuwa limeshuka.

Nesi alimpapasa, akamsikiliza mtoto kwa bomba lake la mbao. "Wiki hii," akasema. "Wa kwanza huyu?"

"Wa pili."

"Wa kwanza yuko wapi?"

Mwajabu alinitazama mimi kwanza, kana kwamba anapima kama nina haki ya kusikia. Nikageuka nihesabu vigae. Akasema uchungu wa kwanza ulimkuta njiani, mume akimkokota kwa baiskeli kwenda hospitali ya wilaya. Wakafika mnadani. Ilikuwa Jumamosi, watu tele. Alijifungulia pale, pembeni ya mafungu ya nyanya, watu wakiwa wamefanya duara. Kuna aliyekuwa akipiga picha kwa simu. Mtoto hakuiona jioni ya siku ile.

"Nesi, mimi siombi kitanda," alisema. "Siombi hata dawa. Naomba ukuta na mlango. Nisitazamwe tena."

Nikageuka nikasema, "Utapata, dada. Nakuahidi—"

"Wewe nyamaza," Nesi Sikudhani alinikata. Hakuwa na ukali, ni kama mtu anayemzuia mwingine asikanyage mahali pameloa. "Unaahidi nini, mwanangu? Una nini wewe?"

Nilifikiri. Nilikuwa na daftari, muhuri, na ufunguo wa futi sita.

Jioni ile niliandika ripoti ya kurasa nne kwenda kwa Bwana Mponzi, nikipigia mstari neno "wiki hii" mara mbili.

*

Wasioitakia mema nchi yetu husema kwamba wakubwa hawasomi ripoti. Mimi ni shahidi kwamba husoma. Siku ya pili yake tu liliteremka gari la Idara, na ndani yake alikuwamo Bwana Mponzi mwenyewe, akiwa na habari njema hadi jasho linamtoka.

"Tumsifu!" aliniita, maana hilo ndilo jina langu. "Ripoti yako imefika kwa Mheshimiwa. Ameamua. Tatizo la ufunguo limekwisha."

"Wataleta ule mdogo, Mkuu?"

"Mdogo upi? Haupo huo. Tunatengeneza kitasa kikubwa."

Alinifafanulia. Kamati ya wataalamu kumi na mmoja ilikaa usiku kucha, ikagundua kwamba nchi nzima ilikuwa imelitazama jambo hili kichwa chini miguu juu. Watu wote walikuwa wakijiuliza ufunguo upunguzweje. Hakuna aliyejiuliza kitasa kiongezweje. Kampuni ya Tabasamu, kwa moyo wake uleule, imekubali kuchonga kitasa cha plaiwudi chenye tundu la kuenea ufunguo, kitabandikwa mlangoni kesho, na Ijumaa saa nne asubuhi Mheshimiwa atauchomeka ufunguo mbele ya taifa.

Nilivutiwa kweli. Ila shuleni walitufundisha kuuliza.

"Mkuu, Mheshimiwa akishauzungusha, mlango utafunguka?"

Bwana Mponzi aliniwekea mkono begani. "Swali zuri sana, kijana. Ndiyo maana tunapenda wasomi. Liandike. Tutaliingiza awamu ya pili."

Kisha akashusha sauti, akawa kama baba. Alinikumbusha kwamba Ijumaa hiyohiyo mwaka wangu wa majaribio unatimia. Barua ya kunithibitisha kazini imekwisha chapwa, na Mheshimiwa ameridhia kunikabidhi kwa mkono wake, mbele ya kamera, kama mfano wa kijana aliyetunza mali ya umma. "Ila sharti uwe tayari pale jina lako likiitwa. Barua isiyokabidhiwa unaijua ilivyo."

Niliijua. Nilikaa nyumbani miaka minne baada ya chuo nikiingoja kazi hii. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kukaanga mihogo kando ya shule ya msingi, alikuwa amekwisha watangazia majirani wote, na kwa Ijumaa alikuwa ameshonesha gauni kwa Mwajabu.

Nilipomweleza Nesi Sikudhani habari za kitasa, hakucheka wala hakulia. Alikwenda mlangoni, akazunguka, akainama, akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa fremu.

"Hawa Tabasamu," akasema, "walikuwa na haraka kweli. Mlango wameupachika kinyume. Bawaba ziko nje."

"Hiyo ni kasoro, mama?"

"Una bisibisi?"

*

Ijumaa palipambazuka mahema yakiwa yamesimama. Viti mia tatu vilivikwa vitambaa vyeupe na kufungwa mafundo mgongoni. Zulia jekundu lilikuwa bado njiani. Limekwenda kuchukuliwa wilayani na gari la wagonjwa, ambalo ndilo gari pekee lililo refu vya kutosha kubeba zulia. Kitasa cha plaiwudi kilikuwa kimebandikwa mlangoni tangu jana yake, kikubwa kama dirisha, kinameremeta.

Saa mbili na nusu nilikuwa naupangusa ufunguo kwa mara ya mwisho nilipomwona Mwajabu akija katikati ya safu za viti, ameegemea bega la Nesi Sikudhani. Alikuwa akitembea hatua tatu, anasimama, anashika mgongo wa kiti mpaka kitambaa kinachomoka. Mume wake alikuwa amekimbia kutafuta gari, na gari, kama nilivyosema, lilikuwa limebeba zulia.

"Uchungu umeanza saa ngapi?" niliuliza kwa kuchanganyikiwa.

"Siyo sherehe hii, haina ratiba," alisema Nesi. "Bisibisi iko wapi?"

Mimi ni mtumishi wa umma, na katika dakika ile nilijitahidi kufikiri kama mtumishi wa umma. Kanuni ya tisa inasema hakuna mtu atakayefungua mlango wa zahanati pasipo ufunguo uliokabidhiwa. Niliipitia kichwani neno kwa neno. Imekataza kufungua. Haisemi lolote juu ya kuung'oa.

Nikaitoa bisibisi mfukoni. Skrubu za bawaba zilikuwa kumi na mbili. Tisa za kwanza zilitoka vizuri. Tatu zilikuwa na kutu, nikazizungusha mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Mlango ukalegea, Nesi akaushika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukauvuta ukaja mzima mzima pamoja na kitasa chake kikubwa. Ndani mlinukia chokaa na rangi. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa bado kimefungwa nailoni.

Mwajabu aliingia. Kisha akageuka akaitazama ile nafasi kubwa iliyo wazi, na nje yake viti mia tatu, na watu waliokwisha kuanza kusogea kuona kuna nini. Uso wake ukabadilika. Nilijua anaona mnada.

"Hapana," akasema. "Hapana, Nesi, jamani, hapana."

"Panda kitandani, binti yangu."

"Wananitazama!"

Nikauinua mlango. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, hasa kwa ajili ya kile kitasa. Nikauegemeza kwenye fremu kutoka nje, nikaugeuzia mgongo, nikashika kingo zake kwa mikono yote miwili, nikakita miguu ardhini.

"Kaka Tumsifu," sauti yake ilitoka ndani, karibu sana na sikio langu. "Utaushika?"

"Nitaushika, dada."

"Usiuachie mpaka niseme mimi. Siyo Nesi. Mimi."

"Mpaka useme wewe. Nakuahidi."

Safari hii Nesi Sikudhani hakunikatiza.

*

Msafara ulifika saa nne na dakika arobaini, yaani mapema. Kwaya ikaimba. Mshereheshaji akatambua uwepo wa wageni wote, wakiwemo wawili ambao hawakuwepo. Bwana Kilonzi wa Tabasamu alishuka akicheka vilevile kama kwenye bango. Akaja Waziri, Mheshimiwa Gaudensi Mapana, akapanda jukwaani.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Ndugu wananchi, historia ya mataifa makubwa ni historia ya milango..."

Nyuma ya mgongo wangu Mwajabu alipiga ukelele uliopita katikati ya plaiwudi na kuingia mifupani mwangu.

Waziri alitabasamu. "Nawasikia. Nasikia furaha yenu. Serikali hii ni sikivu." Watu wakapiga makofi.

Alizungumza kwa saa moja. Mabega yangu yalianza kwa kuuma, yakaendelea kwa kuwaka moto, halafu nikawa siyasikii kabisa, nikayatazama kuhakikisha bado yapo. Nilimwona mama yangu kwenye safu ya nne, amevaa gauni jipya la bluu, ananipungia mkono taratibu, hajui kwa nini mwanawe amesimama pale kama kizingiti.

Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba umewadia wakati wa kuchomeka. Vijana wanne walikuja na ufunguo mabegani, Waziri nyuma yao, Bwana Kilonzi nyuma ya Waziri, kamera nyuma ya wote. Wakafika mbele yangu. Wakasimama.

"Tumsifu," alisema Bwana Mponzi kwa meno yaliyobanana. "Sogea."

"Siwezi, Mkuu."

"Umesimama kwenye tundu."

"Naona, Mkuu. Samahani sana. Kuna mama anajifungua ndani."

"Ndani wapi? Zahanati haijafunguliwa!"

"Haijafunguliwa, Mkuu. Mlango tu ndio umeng'olewa."

Bwana Kilonzi alitazama jua. "Mwanga unaharibika, jamani. Kijana asogee dakika moja tu, tupige, arudi."

"Dakika moja," alikubali Waziri kwa ukarimu. "Huyo mama atanielewa. Mimi mwenyewe nilizaliwa."

Nawaambia ukweli, walikuwa watu wema. Hakuna aliyenifokea. Waziri alipoona sisogei, alifikiri labda nimesahaulika kwenye ratiba, akamwashiria Bwana Mponzi. Ikatolewa bahasha ya kaki yenye muhuri. Niliiona hata saini, imepinda kwa mbwembwe. Bwana Mponzi aliishika hewani, hatua sita kutoka nilipokuwa. Nilizihesabu.

"Ndugu Tumsifu," akaita kwenye kipaza sauti, jasho likimtiririka, na macho yake yakinisihi kweli kweli. "Njoo upokee barua yako ya kuthibitishwa kazini."

Watu wakageuka. Mama yangu alisimama kwenye kiti chake na kuanza vigelegele, akavikatisha alipoona sitembei.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa," nilisema. "Naomba iletwe hapa."

"Barua inafuatwa, haipelekwi," alisema Bwana Mponzi kwa huzuni. "Ni Kanuni ya nne."

"Basi naomba mnisubiri kidogo. Nimemwahidi mtu."

"Umemwahidi nani?" Waziri aliuliza, akiwa na shauku ya kweli ya kumjua huyo mkubwa zaidi yake.

"Fundi cherehani, Mheshimiwa."

Ndipo mtoto akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, kikakatika, kikaanza tena kwa nguvu zaidi. Hema zima liligeuka kuutazama mlango. Hata Bwana Kilonzi aliacha kucheka, na bila kicheko alionekana mtu wa kawaida tu, aliyechoka kidogo.

"Wa kike!" Nesi Sikudhani alipaza sauti kutoka ndani. "Wote wazima!"

Kwaya ikadhani hiyo ndiyo ishara yao, ikaimba.

Waziri alitazama saa. Alikuwa na daraja la kukabidhi mahali pengine saa nane. Wakashauriana kwa kunong'ona, kisha vijana wanne wakauinua ufunguo na kuuelekeza hewani juu ya kichwa changu, karibu na kitasa, kamera zikapiga kutoka pembeni mahali ambapo mimi sionekani. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba zoezi lilifana, na kwamba sauti ya mtoto ilisikika mara tu ufunguo ulipoingia. Bwana Mponzi aliirudisha bahasha kwenye begi, akafunga zipu polepole sana, mpaka mwisho, kama anayetumaini nitabadili mawazo kabla haijafika. Kisha naye akapanda gari.

Vumbi la msafara likatulia. Wenye viti wakaanza kuvua vitambaa na kupakia. Mahema yakashushwa, na jua la saa nane likanijia usoni lote. Mama yangu alikuja akasimama mbele yangu na gauni lake la bluu. Alinitazama. Alisikiliza mtoto akilia ndani. Kisha akafungua chupa yake ya maji, akaninywesha, kwa sababu mikono yangu haikuwa na nafasi.

"Kaka Tumsifu," Mwajabu aliita kutoka ndani. Sauti ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza wiki ile mlikuwa na kicheko ndani yake. "Bado umeshika?"

"Bado nimeshika, dada."

"Shika kidogo tu tena. Ananyonya."

Nikashika.